Mganda wa Ziwa Nyasa: Klabu Isiyokuwa na Mlango

Mtu akiulizwa habari za klabu za starehe zilizovuma katikati ya karne iliyopita, mawazo yake huenda New York, au Paris, au kwa uchache Dar es Salaam. Hayaendi Liuli. Ni wachache wanaodhani kwamba katika vijiji vya wavuvi vya pwani ya Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hata Mbamba Bay na kuendelea kusini mpaka mpakani, kulikuwa na klabu zenye Kingi, Gavana, Kapteni na Daktari wao. Klabu zenye kaptula nyeupe zilizotiwa wanga na kupigwa pasi ya mkaa, viatu vilivyong'arishwa mpaka mtu akajiona uso wake, na wageni waliokubali kuvuka maji kwa mitumbwi ili waonekane humo. Jina la jambo hilo ni mganda, na mganda ungaliko. Nia yetu leo ni kueleza ulikotoka, na kujibu neno moja ambalo wasomi wamelisema juu yake kwa miaka mingi, yaani kwamba ulikuwa uigaji wa Wazungu na haustahili kuhesabiwa katika mali za taifa.

Kabla ya kufika huko, hatuna budi kutazama kidogo namna wakubwa wa dunia walivyojistarehesha katika miaka hiyo hiyo, maana kitu hupimwa kwa kitu.

Katika mji wa New York ilikuwako klabu iliyoitwa Stork, yaani korongo. Aliifungua mwaka 1929 bwana mmoja wa kutoka Oklahoma, Sherman Billingsley, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kuuza pombe wakati sheria ya Marekani ilipokataza. Mwaka 1934 klabu hiyo ilihamia Barabara ya 53, upande wa mashariki, na hapo ikapata utukufu wake. Walikwenda humo matajiri, wacheza sinema, waandishi wa vitabu, wanasiasa na hata mkuu wa makachero wa serikali, Edgar Hoover. Mwandishi wa magazeti Walter Winchell alikuwa na meza yake maalumu, akiandika habari za nani amekaa na nani, na kesho yake Marekani nzima ikazisoma. Mlangoni palikuwa na mnyororo wa dhahabu. Bawabu aliuinua kwa aliyemjua na kuushusha kwa asiyemjua. Kwa kweli biashara yote ya klabu ile ilikuwa katika mnyororo huo, kwa sababu chakula kizuri chapatikana popote, lakini raha ya kuingia mahali ambapo mwenzako amezuiwa haipatikani popote.

Mwaka 1951, mwezi wa Oktoba, aliingia humo Josephine Baker, mwimbaji na mcheza dansi mweusi aliyezaliwa Marekani, akapata sifa kuu Ufaransa, na wakati wa vita akawatumikia Wafaransa waliompinga Hitler. Aliketi na rafiki zake akaagiza nyama. Ikapita muda mrefu, karibu saa nzima kwa maelezo yake, na nyama haikuja. Alielewa, akaondoka, akapeleka mashtaka. Chama cha kutetea haki za watu weusi kikasimamisha watu nje wenye mabango. Uchunguzi wa mji ukasema kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha. Baker hakufukuzwa, alisahauliwa tu mezani, na jambo la namna hiyo ni gumu kulithibitisha mbele ya mwanasheria. Wazee wetu waliowahi kusimama dirishani katika ofisi za serikali ya kikoloni wakisubiri kuitwa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Harlem, katika mji uo huo, ilikuwako kabla yake Cotton Club, ambako tangu mwisho wa 1927 bendi ya Duke Ellington ilipiga muziki uliotikisa dunia. Wapigaji na wachezaji walikuwa weusi, na watazamaji walikuwa weupe. Na katika miji yetu ya Tanganyika klabu za Wazungu zilijulikana: Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia.

Sasa turudi ziwani.

Liuli, wakati wa Wajerumani, iliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba ulioko bandarini ambao kwa mbali wafanana na sanamu maarufu ya Misri. Hapo ndipo palipopigwa mzinga wa kwanza wa Vita Kuu ya Kwanza katika ziwa hili. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilikuja ikaipiga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Yasimuliwa kwamba mkuu wa meli ya Kijerumani, Berndt, aliyekuwa akinywa pamoja na Rhoades siku za amani, hakuwa amepata habari za vita. Alipanda mashua akamwendea mwenzake kwa hasira kumwuliza kama amelewa. Akajibiwa kwa kushikwa mateka. Ulaya walilisherehekea jambo hilo kama ushindi wa kwanza wa majini. Kwa watu wa pwani lilikuwa mwanzo wa miaka minne ya kubebeshwa mizigo.

Maana vita ile haikuwa ya mizinga mingi. Ilikuwa ya mabega. Maelfu kwa maelfu ya watu wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa wapagazi, wale ambao Nyasaland waliitwa tengatenga, na wengi hawakurudi. Wengine waliingia King's African Rifles, wengine walikuwa askari wa Mjerumani. Mwezi wa Oktoba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck, likirudi kutoka Msumbiji, lilipita tena Ungoni, na nyuma yake yakaja maradhi ya mafua yaliyoua watu duniani kote.

Katika makambi ya vita hiyo ndipo watu wa bara walipokutana kwa wingi na beni. Beni ilikuwa ngoma ya pwani ya bahari, iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika miji kama Lamu na Mombasa, ikapata jina lake kwa matarumbeta ya wanajeshi. Katika Tanganyika ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Vilikuwa na vyeo vya uongo, lakini kazi zao zilikuwa za kweli: mwenzao akiugua walimtazama, akifa ugenini walimzika. Askari na wapagazi waliichukua beni wakarudi nayo kwao. Mwaka 1919 maafisa wa Kiingereza waliandikiana barua nyingi kuhusu vyama hivyo, wakihofu kwamba nyuma ya ngoma kuna uasi unaopikwa. Walichunguza, wakaona watu wanacheza. Walakini hofu yao haikuwa ya kijinga kabisa. Watu wanaoweza kujipanga kutoka mji hata mji, wakatozana michango na kutii viongozi waliowachagua wenyewe, si watu wa kupuuzwa na mtawala.

Beni ilipofika kwenye ziwa, haikupata matarumbeta ya shaba. Nani angeyanunua? Watu wakachukua vibuyu. Kibuyu hukatwa, hutobolewa, na penye tundu hubandikwa utando mwembamba wa buibui, ili mtu akivumisha sauti yake ndani, utando utetemeke na sauti itoke nene yenye mkwaruzo, kama tarumbeta. Vibuyu vikubwa hutoa sauti ya chini, vidogo hutoa sauti ya juu, na ngoma kubwa hushika mwendo. Upande wa kaskazini wa Nyasaland, kwa Watonga, chezo hilo liliitwa malipenga kwa ajili ya vibuyu hivyo. Kwingine, na kwetu, likaitwa mganda. Likaenea mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambako padre mmoja wa Kiingereza, A. M. Jones, aliona lina mambo ya kutosha ya kuandikiwa makala ya kitaalamu mwaka 1945.

Mchezo wenyewe ni wa safu. Wachezaji husimama mistari, wakanyata, wakageuka kwa pamoja, wakainama, wakasimama ghafula, kila mmoja na kibuyu chake mdomoni au kifimbo mkononi. Si gwaride, ijapokuwa umetoka kwenye gwaride. Gwaride la askari lataka mguu upigwe chini kwa nguvu. Mganda wataka uwekwe taratibu, kwa madaha, kana kwamba ardhi yaweza kuamka. Mbele yupo Kapteni mwenye filimbi, na macho ya watu yote yako kwake. Kundi huitwa boma, na boma lina jina, lina sare, lina uongozi. Huchezwa kiangazi, baada ya mavuno, na huchezwa mchana mpaka jua linapozama, kwa kuwa mavazi yaliyogharimiwa hivyo hayana maana gizani. Hapo mganda watofautiana na klabu za New York, zilizohitaji usiku.

Boma moja hulialika jingine. Wageni huja kwa miguu au kwa mitumbwi, na wenyeji huwapokea, huwalaza, huwapikia ugali wa muhogo na samaki, na kama mwaka ulikuwa mwema huchinja. Wageni wakiondoka, wenyeji wana deni la kwenda kwao. Kwa njia hiyo, kijiji kilichokuwa na ugomvi na kijiji kingine juu ya nyavu au juu ya ndoa kilipata sababu ya kukaa pamoja siku mbili tatu. Hapakuwa na mlango, kwa sababu hapakuwa na nyumba. Uwanja ulikuwa mchanga wa ufukoni au kivuli cha mwembe. Mtoto, bibi kizee na mpita njia waliona sawa na mwenye kualikwa. Utukufu ulikuwapo, tena mwingi, ila haukuwekewa mnyororo.

Wanawake nao hawakuwa watazamaji tu. Wao wana kihoda, ambayo ng'ambo huitwa chioda, ngoma yao wenyewe, yenye safu na sare na viongozi wao. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wanaoandika habari za mganda hujaza kurasa juu ya Kingi na Kapteni, kisha kihoda ikapata mistari miwili. Na sisi, twaona, tumeipa mistari michache tu; basi na iandikwe na mwanamke anayeicheza, naye atasema mengi kuliko sisi.

Ni nani huyo Kingi? Hapa ndipo penye kiini. Kingi wa boma alikuwa mvuvi wa usipa na mbasa, au mkulima wa muhogo. Kapteni wake huenda alitoka mkongeni mwezi uliopita. Wilaya ya Songea, ambayo zamani ilikuwa na Umatengo na pwani yote ya ziwa ndani yake, ilikuwa moja ya ghala za vibarua wa mashamba ya mkonge. Wamatengo wa milimani walipata bahati ya kahawa, wakalima katika ngolo zao na kuuza kwa ushirika. Mtu wa pwani hakuwa na kahawa. Serikali ilimtaka alipe kodi kwa shilingi, na shilingi zilikuwa Tanga, au Kilosa, au migodini Afrika ya Kusini. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, iliyojulikana kote kwa jina la SILABU. Mtu alitia alama ya kidole, akapakiwa kwenye lori, akafika mahali ambapo jina lake halikuwa na kazi. Alipewa kipande chenye siku 30 za kujazwa, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Manamba ndilo jina walilopewa watu hao, yaani watu wa namba.

Sasa mfikirie mtu huyo anaporudi Liuli au Lundu baada ya miaka miwili. Ana shuka la mama yake, ana fedha kidogo za kodi, na ana kaptula nyeupe, soksi ndefu, tai, na viatu. Kiangazi kikifika, mtu aliyeitwa namba husimama mbele ya watu elfu moja akaitwa Kapteni. Wanaosema huo ni uigaji na waseme. Sisi twauita malipo ya haki ambayo mwajiri hakuyalipa. Hatusemi kwamba hapakuwa na hasara. Viatu vile vingeweza kuwa ng'ombe au bati la nyumba, na bila shaka wako watoto waliokosa ada kwa sababu baba alikuwa Gavana. Wazazi na walimu wa misheni walilalamika, na pengine walikuwa na haki. Lakini mtu haishi kwa bati peke yake.

Vyeo vyenyewe navyo vyataka kusomwa vizuri. Katika Luanshya, Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1951, mtaalamu Clyde Mitchell aliwatazama wachimbaji wa shaba Wabisa wakicheza kalela, ambayo ni ndugu wa mganda katika ukoo wa beni. Walikuwa na daktari aliyevaa joho jeupe, na alikuwako mwanamke mmoja aliyeitwa nesi, akipita katika safu na kioo na kitambaa, ili mchezaji ajitazame na kujifuta jasho bila kutoka mstarini. Mitchell akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1956, na kwa kitabu hicho wasomi wa Ulaya wakaanza kubishana: Je, Waafrika hawa wanawacheka Wazungu, au wanatamani kuwa kama wao? Hawakufikiria jambo la tatu, kwamba watu hawa walikuwa wanafanya shughuli yao wenyewe, na Mzungu hakuwa katikati yake. Daktari alikuwapo kwa sababu daktari ni mtu wa maana. Nesi na kioo chake alifanya kazi inayofaa. Ng'ambo ya maji, mahospitali ya kweli yalikuwa machache, na katika pwani yetu hospitali ya misheni pale Liuli ilitegemewa na watu wa mwendo wa siku nyingi.

Na tukitaka kusema juu ya kuigiza, basi tuwe na haki. Gavana wa Tanganyika kutoka 1949 hata 1958, Sir Edward Twining, alijulikana kwa kupenda sherehe, kofia za manyoya na nishani, hata alipostaafu akatoa kitabu kikubwa juu ya mataji ya wafalme wa Ulaya. Walikuwako basi Magavana wawili katika nchi moja, kila mmoja na sare yake. Tofauti ni kwamba yule wa Liuli alichaguliwa na watu wake, na kiangazi kikiisha alirudi kuvua.

Baada ya Uhuru swali lilibadilika. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akihutubia Bunge kwa mara ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema kwa uchungu juu ya wasomi waliojifunza rumba, chachacha, twisti na hata dansi za kizungu za zamani, na wasijue gombe sugu wala lele mama. Maneno yale yaliwagusa watu, na yalistahili kuwagusa. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, mashuleni ngoma zikafundishwa, na katika mashindano ya kila mkoa watoto walivaa majani na mbega. Mganda ukawa na taabu kidogo. Mgeni rasmi alitazamia ngozi, akaletewa tai. Alitazamia mkuki, akaletewa filimbi na kalamu mfukoni. Palikuwa na watu wa ofisini walioona haya, wakadhani kwamba hii si ngoma ya jadi bali ni kasumba ya ukoloni iliyobaki ufukoni.

Twaona walikosea, na sababu yetu ni rahisi. Kama chanzo cha kigeni chaondoa uzalendo wa kitu, basi muhogo wetu, uliotoka Amerika, si chakula chetu. Na lugha hii tunayoandika, yenye maneno ya Kiarabu, Kireno na Kihindi, si lugha yetu. Lele mama yenyewe, iliyotajwa na Mwalimu, ni ngoma ya wanawake wa miji ya pwani ya bahari, miji iliyopokea na kutoa tangu zamani. Kitu huwa chetu kwa kazi tuliyokitia. Matarumbeta ya Mfalme yalifika ziwani yakawa vibuyu, na amri za sajenti zikawa madaha. Mwingereza akiletwa leo hawezi kuucheza mganda, mguu utamkataa.

Katika miji nako mambo yalikwenda njia iliyo karibu na hiyo kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, na baadaye Kilwa Jazz na Western Jazz, hazikuwa klabu za tajiri mmoja aliyesimama mlangoni. Zilikuwa vyama, na baadhi yao majina yenyewe yaonyesha kwamba ni watu wa upande mmoja wa nchi waliokutana ugenini. Mwaka 1964 umoja wa wafanyakazi, NUTA, ulianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Bendi hiyo imebadili majina kadiri umoja ulivyobadilika, na leo watu waijua kwa jina la Msondo Ngoma. Ni vigumu kupata kwingineko duniani muziki wa dansi uliotunzwa kwa michango ya makuli wa bandarini na makarani. Ada ya mlangoni ilikuwako, hilo hatulikani, na mtu asiye na shilingi zake alisikiliza akiwa nje ya ukuta. Lakini hakuna aliyeulizwa rangi wala ukoo.

Wasomaji wetu ambao ni wafanyakazi watapenda kujua mwisho wa ile klabu ya mnyororo wa dhahabu. Haikuangushwa na kisa cha Josephine Baker, ingawa kiliitia doa. Mwaka 1957 wapishi na wahudumu wa Stork walitaka chama cha wafanyakazi, na mwenye klabu akakataa. Wakagoma. Walisimama nje na mabango, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na wasanii wenye vyama vyao wakaona aibu kupita mbele yao. Billingsley alikuwa mtu mkaidi. Alitumia mali yake kushindana na watu waliomwoshea sahani. Klabu ilifungwa Oktoba 1965, naye akafa mwaka uliofuata. Nyumba ikavunjwa, na mwaka 1967 mahali pale pakafunguliwa bustani ndogo yenye maporomoko ya maji, ambamo mtu yeyote aweza kuketi bila kulipa.

Mganda haukufungwa na mtu, walakini umepungua kwa njia nyingine. Mashamba ya mkonge yalianguka, na lori za SILABU zilikuwa zimekwisha zamani. Vijana wa pwani sasa huenda Songea, Makambako, au Dar es Salaam, wala hawangoji kiangazi. Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, makao yake Mbamba Bay, na lami sasa yashuka kutoka milima ya Umatengo mpaka ufukoni, kwa hiyo spika na muziki wa Dar es Salaam hufika kabla ya samaki kukauka. Mpaka wa majini kati yetu na Malawi, ambao serikali mbili zimebishana juu yake tangu miaka ya 1960, umefanya ziara za ng'ambo kuwa jambo la vibali. Zamani Likoma palikuwa ni kwa shemeji tu.

Mara nyingi mganda na kihoda huitwa siku za mapokezi: kiongozi anatembelea, Mwenge unapita, safu zinapangwa, dakika kumi zinatolewa, kisha mwenye kipaza sauti anasema asanteni. Ngoma iliyozoea siku mbili na karamu hukatwa ikawa pambo la dakika kumi. Wachezaji hupewa soda. Hatulaumu mapokezi, lakini twauliza ni lini mara ya mwisho halmashauri yoyote iligharimia boma moja kulitembelea boma jingine, bila mgeni rasmi, kwa ajili ya mganda wenyewe.

Tena kuna jambo la haraka zaidi. Nyimbo za mganda zilitungwa juu ya mambo ya wakati wake: njaa, kodi, lori za mkongeni, msiba wa mtumbwi uliozama katika upepo wa mwera, mke aliyesubiri na mke ambaye hakusubiri. Humo imo historia ya wafanyakazi wa kusini ambayo haimo katika hesabu za SILABU wala katika majalada ya Gavana. Waliokuwa makapteni katika miaka ya 1950 karibu wote wametangulia, na wanaozikumbuka nyimbo zao ni wana wao, ambao nao ni wazee. Songea ina makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari watu hukusanyika hapo. Chumba kimoja kingetosha: vibuyu kadhaa vyenye utando wake, sare moja, kifimbo, majina ya maboma kijiji kwa kijiji, na sauti za wazee zilizonaswa wakiwa bado na pumzi ya kuvumisha. Walimu wa shule za Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wangeweza kuanza kazi hiyo likizo ijayo kwa daftari na simu ya mkononi, kwa kumwuliza kila mzee mambo matatu: boma lenu liliitwaje, mlikwenda kwa nani, na wimbo gani mliimba siku mliporudi.